Simu ya Mama na kitambaa chake

Eish, leo simu ya mezani imeniaibisha, mimi fundi wa simu hapa mtaani Point!

Dada yangu alikuwa anajifungua Lubumbashi. Mama anangoja habari kwa simu ya nyumbani tu, ya mkononi hataki.
Asubuhi nzima haikulia.

Nikabadilisha waya.
Nikafungua soketi ya ukutani.
Nikaanza kuitukana kampuni ya simu.

Halafu nikainua kile kitambaa cha kufuma ambacho Mama anafunikia kila kitu, hata TV. Ukingo wake ulikuwa umenasa chini ya mkonga wa simu. Mkonga haukuwa umekaa vizuri mahali pake!

Nikautoa ule ukingo. Ikalia palepale.

"Allô, Mama? Ni mapacha!" sauti ikapaza kutoka Lubumbashi.

Tulicheza mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha Mama akaifunika tena.
"Papa, mwanangu, simu haiwezi kukaa uchi."

Kwenu wanafunika nini?