Uzi wa Magunia

Mimi ni fundi wa kuku. Sisemi kwa majivuno. Hapa Unyambwa kuku wa mtu akivimba shingo kwa kumeza kamba au nailoni, analetwa kwangu. Namnyonyoa kidogo, nampasua kwa wembe mpya, natoa takataka, nashona, na jioni anadonoa pumba. Na kwenye firigisi za kuku waliochinjwa nimewahi kukuta vifungo, shanga, vipande vya chupa, hata hereni ya jirani aliyekuwa ameshagombana na wifi yake akidhani ndiye aliyeiiba. Kwa hiyo kichwani mwangu kumeza lilikuwa jambo dogo. Kinachoingia hutoka.

Mama yangu, ninayeishi naye tangu baba afariki, hana habari na kuku. Ana paka. Alikuwa na paka, niseme ukweli. Wa kijivu, mnene, asiye na jina zaidi ya "wewe". Ndiye aliyelinda stoo ya alizeti, na ndiye ambaye mama aliongea naye Kinyaturu asubuhi nzima, maana mimi, alisema, namjibu kabla hajamaliza.

Wakati wa mavuno nilikuwa nashona midomo ya magunia. Nilikuwa nimetoka kuchambua dagaa na sikunawa vizuri. Uzi naukata kwa meno, vipande naviacha chini.

"Okota hizo nyuzi," mama akasema, "huyu atameza."

"Kwani ni mtoto, mama?"

Dakika haikupita, kipande chenye urefu wa mkono kikaingia kinywani mwa paka kama tambi. Mama akashika kichwa. Mimi nikacheka, nikamwambia kinachoingia hutoka. Nikamnywesha paka kijiko cha mafuta ya alizeti, dawa yetu ya kila kitu, nikaendelea kushona.

Siku ya pili akatapika, akakataa hata maziwa. Siku ya tatu ncha ya uzi ikachungulia nyuma. "Si nilikwambia?" nikamwambia mama. Nikaishika kwa kitambaa, nikavuta. Ilikuwa ngumu. Nikavuta tena. Paka akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Ndipo nikampigia simu bwana mifugo. Alikuja na pikipiki, akamwamkia mama shikamoo, kisha akanigeukia.

"Dada, umeuvuta?"

"Kidogo."

Akanieleza kwamba paka hana firigisi ya kusagia. Ulimi wake una miiba midogo iliyoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishaingia ni vigumu kuutema. Upande mmoja ukikwama ndani na mwingine ukivutwa, utumbo hujikunja kama kiuno cha sketi ya kamba, halafu uzi unaukata. "Ungeniita siku ile ile," akasema. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

Paka alikufa alasiri, juu ya khanga ya mama. Mdharau mwiba mguu huota tende, ila safari hii mguu haukuwa wangu. Nilimzika mwenyewe kando ya shamba.

Wiki nzima nilimsubiri mama anilaumu, na majibu nilikuwa nimeyaandaa. Badala yake, nilipokaa kumalizia magunia, alileta kigoda chake karibu yangu, na kila nilipokata uzi aliokota kipande, akakitia kwenye kopo la maziwa, akafunga kifuniko.

"Acha tu, mama," nikamwambia. "Hatuna paka tena."

"Najua," akasema, akaokota kingine.