Kikapu cha Mbegu Juu ya Jiko

Ukitaka kumuudhi Bi Rahila wa Wingwi, msifie wali wa dukani. Atakutazama kwa huruma, kisha atakusimulia mpunga aliourithi kwa mama yake, mpunga uitwao sharifa. Ulikuwa mfupi wa punje na mvivu wa kuiva, unakaa miezi sita kamili bondeni, lakini ukipikwa, nyumba tatu za jirani zinajua kwako leo kuna nini. Wenzake waliutupa zamani wakashika mbegu za miezi mitatu. Yeye hakuutupa. Mumewe, Mzee Vuai, alikuwa akisema mke wake alianza ubishi tumboni mwa mama yake, na hapana aliyemjua kuliko yeye.

Ubishi haukuishinda bahari. Mikoko ilikatwa, maji ya chumvi yakawa yanapanda bondeni kila bamvua, bahari inapojaa mno, na konde ya Bi Rahila ikaota ukoko mweupe ambao hata magugu hayakuutaka. Kuanzia hapo alipanda sharifa nyuma ya nyumba, mahali pa ukubwa wa sebule, akiimwagilia kwa ndoo ya kisima. Hakupanda ili ale. Alipanda mbegu isife. Kila mwaka alivuna kikapu kimoja cha ukili, akakitundika juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu.

Mwaka mmoja alikuja mtafiti wa kilimo, msichana aitwaye Shadya, akaomba viganja viwili vya mbegu hiyo apeleke maabara. Bi Rahila akampa. Mwaka uliofuata Mzee Vuai akafariki.

Katika matanga mjane hana kazi jikoni. Hukaa chumbani, nyumba ikashikwa na wengine. Jiko lilishikwa na wifi yake, Bi Mwanawema, dada wa marehemu, aliyetoka mjini Jadida na kuazimia kwamba kaka yake hatozikwa kimasikini. Siku ya pili ikateremka gari nzima ya watu wasiotarajiwa, na mchele ukaisha. Bi Mwanawema hakuwa mkulima. Aliinua macho, akaona kikapu cha mpunga juu ya jiko, akamshukuru Mungu, akawaita wanawake wakautwanga.

Bi Rahila aliunusa akiwa chumbani. Alijua kabla sufuria haijafunuliwa. Lakini angesema nini? Mume kazikwa jana, na yeye atoke apige kelele kwa ajili ya kikapu cha mpunga? Aliletewa sahani, akala. Machozi yalimdondoka mpaka kwenye wali, na wanawake waliokuwa karibu naye wakamwambia asubiri, hiyo ni kazi ya Mungu. Alikuwa akimlilia mumewe kwa kweli. Alikuwa akiulilia na ule wali.

Alipotoka eda alimtafuta Shadya. Akaambiwa mbegu zile zimeshatumika zote huko maabara, Bara, na Shadya mwenyewe kaenda kusoma. Basi akakata tamaa. Walioulizia sharifa aliwajibu kuwa imeliwa na panya. Hata wifi yake alipouliza, alimjibu hivyo hivyo.

Miaka mitatu baadaye Bi Mwanawema naye akafiwa na mume, na kwa kuwa hakuwa na mtoto, akahamia Wingwi. Wajane hao wawili wakakaa nyumba moja, wakigombania chumvi ya mchuzi na nani kaacha mlango wazi kuku wakaingia. Kama una wifi unamwita adui, hukuwaona hao. Lakini mmoja akiumwa kichwa mwengine hali. Kitu kimoja tu Bi Mwanawema hakuchoka kukitaja, nacho ni wali wa matanga ya kaka yake. Kila mgeni alihadithiwa namna alivyoiepusha ile aibu, na namna watu wa Jadida wanavyoutaja wali ule mpaka leo. Bi Rahila alikuwa akisikiliza mpaka mwisho, kisha akisema, "Ulipika vyema, wifi."

Ndipo Shadya aliporudi, sasa mtu mzima mwenye miwani. Alieleza kuwa ndani ya kila punje mna jeni, mithili ya maagizo yaliyoandikwa, na wataalamu wamejua kuyafikia na kubadilisha agizo moja bila ya kugusa mengine. Vile viganja viwili havikupotea, vilioteshwa maabara, wakabadilisha agizo moja katika sharifa, na sasa inastahamili chumvi. Wanataka kuijaribu kwenye konde ya Bi Rahila iliyokufa kwa chumvi.

"Na harufu yake mmeigusa?" aliuliza Bi Rahila.

"Hatukuigusa, bibi. Lakini hatujui mpaka iote."

Kulikuwa na sharti. Mpunga ule haujaruhusiwa kuliwa wala kugawiwa. Konde itazungushiwa uzio na wavu, na siku ya mavuno sampuli zitatiwa mifukoni na kupigwa lakiri, kinachobaki kitachomwa pale pale, kisisalie hata punje. Bi Rahila alitia saini. Mtaani wakaanza kunong'ona kuwa mpunga huo unaondoa nguvu za kiume. Bi Rahila akawajibu kuwa wanaume wa pale wameshazaa vya kutosha, waacheni wapumzike.

Mpunga ukaota. Uliota ndani ya ule ukoko mweupe, ukasimama, ukachanua, na asubuhi moja Bi Rahila akiamia ndege wasile mpunga, upepo ukamletea harufu. Alikaa chini matopeni na nguo zake vile vile. Miaka sita alikuwa amejizoeza kwamba hatoinusa tena duniani.

Siku ya mavuno Bi Mwanawema alikuja kusaidia kukata. Akapukusa punje, akaitafuna, kisu kikasimama. Kisha akaendelea kukata mpaka adhuhuri. Shadya na wenzake walipokwenda kusali, alimvuta wifi yake pembeni ya uzio akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na kiganja cha mpunga.

"Chukua," alisema. "Harufu hino naijua mie. Ndiyo ile ya matanga ya kaka. Si panya waliokula mbegu yako, wifi. Ni mie. Na weye miaka yote waniambia nilipika vyema."

Bi Rahila aliutazama mpunga. Kiganja kimoja kingetosha. Angekipanda nyuma ya nyumba, na Shadya asingejua abadan. Mwenyewe Shadya alikwishamwambia ukweli, kibali cha majaribio kinaisha leo, na mpaka sheria iruhusu mpunga huu kutoka huenda ikapita miaka kumi. Bi Rahila ana miaka sitini na saba. Lakini kuupokea ni kumwambia wifi yake ndiyo, ni wewe uliyeipika mbegu. Akaona namna nyumba yao itakavyokuwa baada ya ndiyo hiyo, na ile hadithi isiyosimuliwa tena kwa mgeni yeyote, na wifi yake akitembea kwa kujibana kando ya jiko.

"Umezeeka, pua imekufa," alisema. "Ule wa matanga ulikuwa mpunga wa supa, kaka'ko aliletewa kutoka Mbeya. Sharifa ililiwa na panya, nshakwambia. Na hii si sharifa tena, washaichokora. Karudishe, usintie aibuni na watoto wa watu."

"Wallahi?"

Bi Rahila hakuapa. "Karudishe, wifi," alisema.

Bi Mwanawema alimkodolea macho, kisha pumzi zikamshuka, akafunga pindo lake akaenda kumwaga kile kiganja kwenye rundo. Moto ukatiwa. Moshi ulikuja upande wao na harufu yake yote, na Bi Rahila hakuondoka mahali aliposimama. Kando yake Bi Mwanawema, uso umemnawiri, alikwishamkamata Shadya akimhadithia wali aliowahi kuupika kwenye matanga ya kaka yake, watu wa Jadida wakala wakasaza.

Shadya akageuka kumuuliza Bi Rahila kama ni kweli.

"Kweli," alisema Bi Rahila. "Ulinukia mpaka barabarani."