Pikapu ya Mzee Gisaro Yagoma Milimani

Fabien alikuwa fundi wa magari pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kupunguza. Gari likiingia garajini kwake na vitu mia moja, linatoka na tisini na sita, nalo linatembea. "Benye kutengeneza magari banapendaka kuweka vitu mingi ya bure," aliwaambia wateja, huku akichezea mkononi kipande ambacho mwenye gari hakujua hata kama alikuwa nacho. Kwa kuwa magari yalitembea kweli, hakuna aliyembishia, na kichwa chake kikazidi kuvimba mwaka hadi mwaka.

Aliyekuja kumsumbua ni mzee Gisaro, mfugaji wa milimani, mwenye pikapu kuukuu ya mazutu, yaani dizeli. Kila asubuhi huko kwake pikapu ilikataa kuwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza, mpaka watu kumi waisukume kwenye mteremko. Lakini ikishuka Baraka, kwenye joto la ziwa, iliwaka kwa kuguswa tu. Fabien aliiweka garajini siku tatu, na kila asubuhi iliwaka kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo.

"Gari iko muzima, muzee," alisema mbele ya wateja wote. "Ni mazutu yako njo iko na maji. Unanunuaka kwa nani?"

Gisaro alinunua kwa Hakizimana, jirani yake, aliyeuza mazutu kwa bidoni, yale madumu ya plastiki. Basi yakawa hayo. Gisaro akaacha kununua kwake, kisha akaacha kumsalimu. Pikapu ilipoendelea kugoma hata kwa mazutu ya Baraka, Fabien hakutikisika. "Maji ya zamani haitokake haraka," alisema. Mwaka mzima majirani wale wawili walipishana njiani kila mmoja akiwatazama ng'ombe wake.

Ndipo Igihozo, binti wa Gisaro, akaposwa, na mzee akashuka kumchukua fundi mwenyewe. Hakutaka bibi harusi aende kanisani katika gari la kusukumwa. Wageni walialikwa kutoka kila upande, isipokuwa Hakizimana. Mzee alisema hawezi kumkaribisha mtu aliyemuuzia maji.

Fabien hakuwahi kupita Lubondja, njiani kwenda milimani, maishani mwake. Alipanda akiwa na shati la mikono mifupi na sandali. Asubuhi ya harusi alifungua mlango, akaufunga, akauliza waliokuwa ndani kama kuna jambo limetokea huko nje. Walimwambia ni baridi tu, na kwamba leo si kali. Alitoka akitetemeka, mpaka mtu mmoja wa upande wa pili wa ua akamhurumia, akamletea koti lake na kikombe cha maziwa ya moto. Fabien alikuwa ameshayamaliza maziwa alipoambiwa kuwa yule ndiye Hakizimana.

Pikapu iligoma kama kawaida yake. Bibi harusi alikuwa tayari, kwaya ilikuwa tayari, na vijana wa kusukuma walikuwa wamevaa suti. Fabien akapata wazo.

"Mufunge kamba kwa ile ngombe mbili ya mahari," alisema. "Ivute."

Bibi mmoja alitua kikapu chake chini.

"Ngombe?" Gisaro aliuliza polepole. "Ngombe ivute chuma? Fundi, kwenu hamuna heshima?"

Fabien alifungua kapoti haraka ili apate mahali pa kuficha uso. Akaigusa injini, akaikuta baridi kuliko vidole vyake, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Injini ya mazutu ina buji ndogo za kuipasha moto kabla haijawaka. Alifuata waya wa buji kwa kidole. Waya haukufika popote. Ulikuwa umekatwa vizuri sana na kufungwa utepe, mafundo mawili, na Baraka nzima ni fundi mmoja tu aliyefunga utepe hivyo. Akaukumbuka mpaka mchana wenyewe, pikapu ilipoletwa kwa kazi nyingine kabla haijaanza kugoma: waya ulikuwa umechubuka, naye akasema Baraka iko joto, hii ni ya kazi gani.

Alitoa kipande cha waya kwenye mfuko wake wa vyuma, akaunganisha buji na betri, akahesabu hadi ishirini, akazungusha ufunguo. Pikapu ikanguruma. Vigelegele vikapaa, na Gisaro akamkumbatia mbele za watu.

"Maji imeisha?" mzee aliuliza.

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Watu wote walikuwa wanatabasamu, na kesho angekuwa Baraka. Lakini Fabien aliona haya, haya ya kweli, na mabegani alikuwa amevaa koti la mtu.

"Hakukukuwa maji, muzee," alisema. "Ni mi nilikata waya."

Gisaro alimwachia. Alitazama ng'ambo ya ua, kwa Hakizimana.

"Enda umwite, we mwenyewe," alisema. "Ulisema mbele ya bantu. Leo utasema mbele ya bantu."

Hivyo kanisani, Hakizimana akiwa ameketi benchi la mbele, kwaya ilipokaa, fundi wa Baraka alipewa kipaza sauti.

"Mazutu ya Hakizimana haikukuwa na maji hata siku moja," alisema. "Maji ilikuwa mu kichwa yangu."

Kanisa zima lilicheka, hata bwana harusi. Gisaro peke yake hakucheka. Alichukua kipaza sauti, akangoja vicheko viishe, kisha akamgeukia jirani yake.

"Unisamehe," alisema.

Hakizimana alisogea kwenye benchi, akamwachia mzee nafasi ya kukaa.