Springi za Gofu Mbugani

Ndaki, fundi wa kuchomelea pale Nyahanga, alinunua kigari kibovu cha gofu kwa wauza chuma chakavu. Akatoa ekseli, springi na usukani, akavifunga kwenye fremu ya mabomba ya maji, kisha akaweka injini ya bajaji. Alitaka gari la kupita mbugani wakati wa mvua, maana barabara ya kijijini kwao ilikuwa imejengwa kwenye hotuba tu.

Diwani aliposikia, alikuja amevaa suti kulizindua. Alisifu ubunifu, akapanda, akaamuru wampeleke kijijini akawasalimie wananchi. Korongo la kwanza tu, springi ikakatika na mheshimiwa akakaa kwenye tope.

"Gari gani hili, Ndaki?" alifoka.

"Nisamehe, mheshimiwa. Springi hizi zimezoea uwanja wa majani yaliyofyekwa. Nilizibakiza kwa sababu ulituambia huku kuna lami."

Diwani alirudi kwa miguu. Ndaki akafunga springi za pikapu kuukuu, na sasa anabeba wajawazito hadi zahanati. Juzi diwani alituma ujumbe kwamba jina lake liandikwe kwenye gari. Ndaki hakubisha. Aliliandika kwa rangi nyekundu, uvunguni.