Upande wa Maharagi Yenye Njaa

Mama yangu aliniharibia kazi ya miaka yangu yote ya masomo kwa asubuhi moja, na leo asubuhi ile njo ninaitamani kuliko zote. Nikimwambia muntu hivi ananiona sina akili. Ngoja nieleze.

Nilikuwa nimemaliza biolojia kwenye chuo moja ya Goma. Memwari yangu, kitabu ya kumaliza masomo, ilikuwa juu ya vijidudu vidogo vyenye vinakaa kwenye mizizi ya maharagi na kuyalisha. Vinatoa chakula kwenye hewa, vinapatia mumea, na mulimaji hanunui mbolea. Nilivitafuta kwenye milima yetu ya Masisi mpaka kwenye misitu ya Walikale, nikachagua vyenye kufanya kazi kabisa, nikavichanganya na udongo mweusi laini, ikawa unga. Unga ya kupaka mbegu, ni hivyo tu. Niliota siku moja itauzwa kwenye soko ya Sake, kapakiti kadogo kwa kila mama mwenye jembe.

Lakini ndoto haina friji. Vijidudu vyangu vilikuwa vinalala kwenye friji ya laboratwari ya chuo, na mukubwa wa laboratwari alinipa muda: mwaka wa masomo ukiisha, nafasi inapewa mwingine na vyangu vinatupwa. Kulikuwa na mufuko moja yenye kusaidia watafiti vijana kutoa kazi yao laboratwari na kuifikisha sokoni. Niliandika, wakanijibu: utuonyeshe kwenye shamba ya mulimaji wa kweli. Nusu moja ipate unga, nusu ingine ikose, na siye tutakuja kuangalia tofauti. Wakikubali, ninapata friji yangu na chumba ya kutengenezea unga. Wakikataa, njo mwisho.

Shamba sikutafuta mbali. Mama alikuwa analima juu ya Mushaki, kwenye mulima yenye wazazi wa wazazi wetu walilima. Yeye na wamama wenzake wa kanisa walikuwa wanalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anapika.

Yesu wangu, ile siku ya kupanda! Ukungu ilikuwa bado haijaondoka, ngombe za majirani zilikuwa zinalia huko chini, na udongo ilikuwa inanukia mvua ya usiku. Tulipaka mbegu ndani ya beseni, na maji ya sukari kidogo ili unga ishike. Mbegu zetu ni za rangi zote, nyekundu, njano, za madoa, maana kwetu hakuna mwenye anapanda aina moja. Zote zikawa nyeusi. Mama moja mwenye mudomo akasema maharagi yamevaa nguo ya matanga, akauliza nani amekufa. Walicheka mpaka wakaketi juu ya majembe. Mimi pia nilicheka, na mimi si muntu wa kucheka hovyo.

Kisha nikafunga kamba katikati ya shamba na nikawaeleza, mara moja, mara mbili: huku kuna unga, huku hakuna, musiguse. Wote wakaitika ndiyo. Mimi, fundi wa vitabu, nikafikiri kuitika ni kukubali.

Nikarudi Goma, nikahesabu wiki. Siku ya juri, waamuzi wenye mufuko ilituma, nikapanda nao ndani ya gari yao, watu wawili, Papa moja mwenye buti na Mama moja daktari wa mimea mwenye sauti ya polepole. Njia yote nilikuwa najisikia mukubwa. Niliwaambia upande moja watakuta kijani, ingine njano, hata kipofu ataona.

Tukafika. Shamba nzima ilikuwa kijani. Kamba iko pale pale, imenyooka vizuri, na huku na huku maharagi yako sawasawa. Niling'oa mumea moja ya upande yenye haikupata kitu. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu, na ndani ya vinundu ni nyekundu, alama kwamba vijidudu vyangu vinafanya kazi. Papa wa juri akaniuliza upande gani njo ilipata unga.

Mama yangu, mwenye alikuwa anatungoja pale na wenzake, njo alijibu, na furaha yote. Alieleza kwamba wakati wa palizi ya kwanza walikuta upande moja imekuwa njano. Wakahurumia. Waliketi, wakaongea, wakaona kwamba unga ilinipungukia na nikaona haya ya kusema. Kwetu shamba ya muntu mwenye hayuko haiachwi ikaharibika. Akiwa mugonjwa ao safarini, wengine wanapita wanaipalilia, na hata hawamuambii. Basi asubuhi moja kikundi yote ilipanda na vitunga. Wakatoa udongo kwa upande yenye kuota muzuri, wakaweka chini ya kila shina ya upande yenye njaa, moja moja, wakiimba nyimbo za kanisa, mpaka wakamaliza shamba. Hawakutaka wageni wangu wanione vibaya.

"Mutoto wangu," mama akaniambia, "hauwezi kulisha moja na kuacha mwenzake anaangalia."

Mimi hasira yangu iko karibu, haibishi hodi. Nilimuita mama yangu mujinga, mbele ya wageni na mbele ya wenzake. Neno ile ile, kwa mudomo wangu huu. Wamama wakaangalia chini. Mama akafungua kitambaa ya kichwa, akakifunga tena, akaenda kupakua chakula kwa sababu wageni walikuwa bado hawajakula. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo inaniuma.

Juri ikala bugali na sombe, ikashukuru. Papa akasema bila tofauti hakuna ushahidi, na alikuwa na haki. Ila yule Mama daktari aliniombea musimu moja ingine, akaongea na mukubwa wa laboratwari ili vijidudu vyangu vingoje. Musimu moja tu, hakuna ya tatu.

Mbele musimu ile ifike, vita ilifika. Sitaieleza, kila muntu wa Masisi iko na yake. Mama na wenzake walikimbia mpaka kwenye kambi ya Lushebere. Nilimuomba anifuate Goma, akakataa, eti atawaachia nani wenzake. Nilimuomba na musamaha. Akaniuliza musamaha ya nini. Alikuwa amesahau, ao alinihurumia, sijui.

Tukaazima kipande ya shamba karibu na kambi. Wenye walibaki ndani ya kikundi wakaja kupanda, na wakafanya kazi muzuri, kimya kimya. Nikafunga kamba, nikaeleza mara moja, wakaitika. Nikaondoka na roho juu, maana nilikuwa nawajua. Kila siku huko Goma nilikuwa najiambia: leo wamekwisha kugusa, leo vijidudu vyangu vimevuka kamba.

Juri iliporudi, huku ilikuwa kijani, huku njano mpaka mwisho. Hata shina moja haikuguswa. Papa alipiga picha, akachimba mwenyewe, akalinganisha mizizi. Kisha akanipa mukono mbele ya watu wote, akasema hii njo ushahidi, mufuko imekubali. Nilikimbia kwa mama, nikamukumbatia, nikamushukuru kwa kuwazuia wenzake.

Aliniangalia sawa muntu mwenye hanielewi.

"Sikuzuia muntu," akasema. "Hakuna hata moja mwenye aliuliza. Huku siku ya kugawa chakula, mwenye karatasi ya jeton anapata, mwenye hana anaangalia. Tumezoea."

Nikalia pale pale, kwa sauti, sawa mutoto. Juri ikafikiri ni furaha, ikanipigia makofi.