Ishirini na Mbili Nukta Nne

Lori lilimshusha mgeni na mkoba wake, likatimua vumbi kabla hajauliza zaidi. Alikuwa ameambiwa jambo moja tu: chumba cha kupanga kiko juu ya kiwanda cha mikate, fuata harufu. Harufu haikuwepo. Alibahatisha mlango uliopakwa unga, akakuta madonge yaliyoumuka mpaka yakaanza kujilalia kwenye trei.

"Chumba kipo," alisema mwenye kiwanda, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mikate. "Lakini kwanza nisaidie, mwanangu. Bonyeza kitasa hiki cha gesi, usikiachie. Oveni imetugomea."

Mgeni akabonyeza. Chini ya oveni fundi mzee alilala chali, miguu nje, kamba ya kiatu kimoja imefunguka. Binti yake alikaa juu ya gunia la unga, amepakata begi la nguo za baba yake.

"Usishangae, kaka," binti alisema. "Mimi na baba tumekubaliana. Akiitengeneza hii mwenyewe, anabaki na kazi yake. Akishindwa, leo hii anakuja kukaa kwangu. Macho yamekwisha. Juzi kamrudishia mtu pasi waya uko wazi."

"Macho yangu hayana neno," sauti ilitoka chini ya oveni. "Taa za siku hizi ndizo zimechoka."

Ugonjwa wa oveni ulijulikana. Ukishikilia kitasa, moto mdogo unawaka. Ukikiachia, tak, unazima. Ndani ya moto ule hukaa ncha ya kihisi cha shaba. Joto huzaa humo umeme kiduchu, milivolti tu, na huo ndio unaoshikilia vali ya gesi isijifunge. Kihisi kikitoa milivolti ishirini na ushei, kizima, na mbovu ni vali. Kikitoa mbili tatu, chenyewe ndicho kimekufa.

Fundi aligusisha kwenye kihisi ncha za nyaya za mita yake ya kupimia umeme, mwekundu na mweusi, akazibana. Kisha akaisukuma mita hadi karibu na goti la mgeni.

"Nisomee, bwana mdogo," alinong'ona. "Mikono yangu imejaa."

Mkono mmoja ulikuwa umelala sakafuni, mtupu.

"Mbili nukta..."

"Nani huyo anasoma?" Binti alisimama. "Kaka, tafadhali."

"We mtoto!" Bi Mikate alimjia juu. "Baba yako anaihudumia oveni hii tangu hujaota meno!"

"Na mimi nataka atoke hapa na vidole vyote kumi, mama. Au utampikia uji wewe akiungua?"

"Nitampikia! Tena na maziwa!"

"Ya kwako hayo ya maji?"

Wakati wanarushiana maneno, mita ilifanya kama zifanyavyo mita nyingi zisipoguswa kwa muda: ilijizima. Mgeni aliona tarakimu zikipotea. Alifungua kinywa, lakini binti alishaiokota, bila kuitazama, akampa baba yake aliyekuwa ameshatoka chini ya oveni na kuketi.

"Haya baba. Soma mwenyewe."

Fundi aliisogeza karibu na pua. Akafuta kioo kwa shati, akakiinamisha kwenye mwanga.

"Ishirini na mbili nukta nne," alisema bila haraka, kama mtu wa kazi yake. "Kihisi kizima. Leteni vali."

Binti alichungulia kioo. Hakucheka wala hakusema, "Umeona?" Aliziba mdomo kwa kiganja, na Bi Mikate ghafla akawa na shughuli kwenye trei.

"Ni ngapi?" Fundi aliuliza. "Bwana mdogo, ni ngapi?"

Mgeni alijua kudanganya kwa lugha nne. Hakuna hata moja iliyomjia.

"Imezimika, mzee."

"Ah. Betri hizi."

"Si betri, baba."

"Najua."

Binti alipiga magoti, akamfunga kamba ya kiatu. Fundi alimwachia mguu, akakunja waya kuizunguka mita, mwekundu juu ya mweusi, kisha akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mgeni uliokuwa huru, akamwekea mita humo.

"Ulisema mbili?"

"Mbili nukta moja."

"Basi kihisi ndicho kimekufa. Wabadilishe hicho, vali waiache."

Aliweka mkono begani kwa binti yake, wakatoka. Mgeni alibaki amechuchumaa, kidole gumba kikimuuma juu ya kitasa, moto mdogo ukiwaka bado, maana hakuna aliyemwambia aachie.