Mlango wa Pili wa Handaki

Jumamosi, tarehe 12 Aprili 2025, mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo, anayeendesha foklifti, gari la kubebea mizigo, katika ghala la mjini Columbus, Marekani, alikwenda kukagua shamba la ekari tano linalouzwa kwenye kaunti jirani, ambako anataka kufuga ng'ombe. Kila hatua chache aliinama, akang'oa nyasi, akazisugua viganjani na kuzinusa kabla ya kusogea. Alikinga maji ya kisima kwa mkono, akanywa, akatabasamu. Kisha mwenye shamba akamfungulia fahari yake, handaki la zege la kujikinga na kimbunga. Mama alishuka ngazi, akatazama kuta zote nne, akapanda mbio. Alipofika juu aligeuka, akaunyooshea mlango kidole.

"Mulango ni moja tu?"

"Mama, ni ya kukimbilia upepo," alisema binti yake, Hadassa, akicheka. "Upepo haina bunduki."

"Kule kwetu pia walituambia tuingie ndani, tutapona. Bon, basi, tukaingia. Wenye bunduki wakakuja, na mulango ilikuwa moja tu."

Hadassa aliacha kucheka. Alimtafsiria mwenye shamba, naye akalitazama handaki lake kama mtu asiyelijua. Aliahidi kwamba Jumamosi ijayo ataanza kuchimba mlango wa pili, na ukikamilika mama atatia saini mkataba wa kulinunua shamba.